Kidole Gumba cha Athanasie

9 septembre 1956, siku ya Mungu

Katika Goma yote, toka ziwani mpaka barabara ya Rutshuru, hakuna kitu chenye kupasuka kimenishinda mimi, Ndayambaje, fundi wa mbao. Mulango, kitanda, mutumbwi, sanduku la maiti: vyote vilipita katika mikono yangu, vikatoka vizima.

Nimesoma tena hayo maneno, nimecheka peke yangu kama mujinga. Kiti cha katekista kilivunjika naye akiwa juu yake, mbele ya wazazi wa ubatizo, na kole, ile gundi, ilikuwa yangu. Na ule mutumbwi, wenyewe wangali wanautafuta chini ya maji. Lakini daftari ni mupya, na mutu hafungui daftari mupya kwa aibu.

Nimelinunua juu ya vile mvua imeanza na mugongo haupendi tena kusukuma randa. Shule niliacha mwaka wa tatu, na shule haikulia. Basi makosa ya kuandika ni ya mwalimu.

Kuna habari mbili. Ya kwanza ni nzuri: mujukuu wetu Donatille ataolewa Kalengera, tarehe 12 janvier. Ya pili: kucha za muke wangu Athanasie zinakufa. Alifua mashuka ya wazungu miaka na miaka kwa sabuni inayokula hata mawe. Sasa kucha zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa, zinachunika ganda juu ya ganda kama kitunguu. Wa kidole gumba cha kuume umepasuka toka ncha mpaka katikati.

Mutu ataniuliza, muzee, ukucha na ndoa vinapatana wapi? Vinapatana. Kwetu, tate muke ndiye anamushonea mujukuu wake wa kwanza kikapu cha kifuniko, kile cha kubeba mtama mbele ya wakwe. Nyuzi zake ni za mafunjo, na zinapasuliwa kwa ukucha wa kidole gumba, si kwa kisu, mpaka ziwe nyembamba kama unywele. Kikapu cha kununua ni kusema: huyu bibi-arusi hana tate. Na Athanasie, kwa kazi hiyo, alikuwa hana mwenzake.

11 septembre

Mvua. Mbuzi ameingia ndani, hataki kutoka. Ninamuelewa.

14 septembre

Dada yangu Nyiramahirwe amekuja kukunywa chai yetu na kutupa akili yake.

– Wifi, munahangaika nini? Mununue kikapu sokoni. Nani atajua?

– Tate wa muvulana atajua, Athanasie akasema. Mukakalisa wa Kalengera. Huyo anasoma kikapu kwa kidole vile padri anasoma kitabu.

– Basi mimi nitakushonea.

– Weye? Kikapu chako cha mwisho kilimwaga maharagwe njia nzima.

Nyiramahirwe akakunywa chai yote, akaenda. Athanasie akabaki anatazama kidole chake. Muke wangu akinyamaza, nyumba inakuwa baridi.

16 septembre

Leo nimevaa miwani, nimekamata kidole kile, nimekitazama vizuri. Ni ubao! Ufa umefuata mishipa ya ukucha vile ufa unafuata mishipa ya muti. Ubao kama huo unafanyiwa nini? Unausugua, unatia kole katika ufa, unapaka verni ya kung'arisha. Nimeshangaa namna dunia nzima haijawaza jambo hili.

Nimemwambia Kakule Wenceslas, jirani yetu, Munande wa vitunguu. Yeye anapanda mpaka Butembo, anashuka na magunia, na uongo wa njia nzima.

– Muzee, akasema, ukimaliza muke wako, utie na verni kichwa changu, nywele zinapotea.

Wivu.

19 septembre

Nimefanya. Athanasie alikubali juu alikuwa anacheka, na mutu anayecheka hana nguvu ya kukataa. Nimesugua kucha zote kumi kwa papie ile laini ya kusugulia mbao. Nimetia kole kidogo katika ufa wa kidole gumba. Halafu verni, mara mbili, ile ninapaka kabati za watu wakubwa.

– Ninanuka kama sanduku, akasema.

– Sanduku la mahari.

– La maiti, Ndayambaje.

Lakini alinyoosha mikono mbele ya mulango, mwangaza ukapiga, kucha zikawaka zote. Akazitazama kwa muda murefu. Nilijisikia kijana.

23 septembre

Kwenye misa wanamuke wamegeuka nyuma kutazama kucha za muke wangu. Mumoja ameuliza kama ni dawa ya Ulaya. Athanasie akajibu: ni ya kabati. Nimeimba kwa sauti kubwa, hata ule wimbo sijui.

27 septembre

Leo siandiki kwa furaha.

Asubuhi Athanasie aliloanisha mafunjo, akakaa chini, akaanza kupasua nyuzi za kwanza za kikapu. Mimi nilikuwa ninanoa patasi. Nikasikia tu: tss. Si sauti ya kulia. Ni ile sauti mutu anavuta hewa kati ya meno.

Verni iliinuka. Kumbe ilishika ukucha kuliko ukucha ulivyoshika kidole. Ilipotoka ilitoka nao, nusu nzima, kama gome la muti. Chini yake nyama nyekundu tu. Damu ikaanguka juu ya nyuzi nyeupe.

Nikasema: ngoja, nitaleta kole.

Mungu anisamehe, nilisema hivyo. Kinywa cha fundi kinatangulia akili yake.

Akanitazama. Katika miaka yote ya ndoa alikwisha kunitukana, kunifukuza, mara moja alinirushia mwiko. Hakuwa amenitazama vile. Akafunga kidole kwa kitambaa, akasema pole pole:

– Nilikuwa na kidole kibaya. Sasa sina kidole.

Akaingia ndani. Mvua ikaja toka upande wa volkano, ikapiga yale mafunjo pale nje, na hakuna mutu aliyeyainua. Nimeyainua mimi. Nimeyafua damu. Kucha zingine pia zilikuwa zinachunika, niliona. Nilizisugua mpaka zikawa nyembamba, na nyumba nzima niliijaza majivuno.

28 septembre

Hakuniongelesha.

29 septembre

Hakuniongelesha. Ameongea na mbuzi. Alimwambia: "Weye hata kama ni mujinga, hupaki mutu verni."

1 octobre

Tumeenda kwa infirmier, muuguzi muzee Nzabonimpa, ambaye alikwisha kustaafu, anakaa nyuma ya soko. Amefungua kitambaa, amenusa.

– Hii harufu ni nini?

– Ni bwana yangu, Athanasie akasema. Alifikiri mimi ni kabati.

Muzee Nzabonimpa alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi pia nilicheka, juu ni mara ya kwanza aliniita bwana yake toka ile siku.

Halafu akatuambia mambo, nami ninayaandika hapa nisiyasahau. Ukucha hautengenezwi, unaota. Ule uliokufa hauponi. Unalinda ule unaokuja nyuma. Ukate mufupi, usipate pa kunasa. Ukiulainisha, usugue kwenda upande mumoja tu, pole pole, usirudie nyuma kama musumeno. Kila magaribi mafuta, chini kwenye muzizi pale ngozi inaanzia. Ale mayai, maharagwe, samaki. Na adui mukubwa ni maji: ukucha ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja, kila siku hivyo hivyo, lazima utapasuka. "Mikono ya huyu mama isiguse maji na sabuni mpaka nitasema."

– Na kidole gumba? nikauliza. Harusi ni janvier.

– Kidole gumba kinataka karibu nusu ya mwaka. Harusi haiwezi kukivuta.

Tumerudi nyumbani. Mafunjo yanapasuliwa yakiwa yamelowa. Kila mutu anajua.

3 octobre

Nani atafua vyungu? Donatille anakaa Rutshuru kwa wazazi wake. Nyiramahirwe nikimuita, wiki nzima nitasikiliza hesabu ya vyungu alivyofua. Basi nimebeba sufuria, nimeshuka ziwani mimi mwenyewe.

Wanamuke wote wakaacha kufua. Halafu mumoja:

– Papa, umefiwa?

– Nimeoa, nikajibu.

Walicheka mpaka sabuni ya mumoja ikaanguka majini. Kupanda na ndoo juu ya yale mawe meusi nimejua kitu kimoja: ninaoga maji mengi kupita kiasi.

5 octobre

Kakule ameniona na ndoo.

– Mama Ndayambaje, habari ya kufua?

Nimemumwagia kidogo miguuni. Ilikuwa maji safi.

12 octobre

Mvua. Nimefua. Muguu umeteleza, sufuria imepona.

13 octobre

Mvua. Nimefua. Sufuria haikupona.

20 octobre

Kila magaribi, tukiisha kula, Athanasie ananipa mikono na mimi ninapaka mafuta. Mwanzo alikuwa anageuza uso upande ule, kama mutoto anayepigwa sindano. Sasa anatazama, anatoa amri. "Hapo umeacha." "Usinikamate kama musumari."

Nimetengeneza vitanda vya watu wengi wa hapa, ninaweza kukuambia ubao gani una fundo wapi. Mikono hii nilikuwa siijui. Kidole cha shahada kina alama ndogo ndogo nyeusi za sindano, nyingi kama nyota. Nimeuliza hii ni ya kikapu gani. Akaniambia: ya mama yako. Na hii? Ya dada yako, ule mwaka wa njaa. Amezitaja moja moja mpaka mafuta yamekauka.

Nimeongeza mafuta.

4 novembre

Kucha tisa zinakuja vizuri! Chini ni mpya, ngumu, rangi ya waridi. Juu ni ile ya zamani, na kati yake kuna mustari kama ule wa maji kwenye jiwe. Ninazikata kidogo kidogo, ninalainisha upande mumoja. Muzee Nzabonimpa amesema nina mukono muzuri. Nimemuomba arudie maneno hayo mbele ya Athanasie. Amekataa.

Kidole gumba: ukucha wake mupya ni sawa na dengu. Dengu haipasui uzi.

8 novembre

Nimetoka ziwani mapema juu ya radi, nimemukuta nyuma ya nyumba, amejificha na bakuli la maji na mafunjo. Anapasua kwa kidole kile! Kilikuwa kimevimba, kinang'aa.

– Athanasie!

– Usinipigie kelele. Mutoto ataenda Kalengera mikono mitupu?

– Tutamununulia…

– Sema tena kununua. Sema.

Nimekaa chini kando yake. Mvua ilikuwa inatupiga sote wawili, hakuna mutu aliyesimama. Akalia, mara ya kwanza toka septembre. Akasema: "Donatille alizaliwa katika mikono hii. Mama yake alikuwa bado hajaamka, na mimi nilikuwa nimekwisha kumuahidi kikapu chake."

Nikamupanguza uso kwa kidole, juu sikuwa na kitambaa. Akanikamata mukono, akakitazama kidole changu gumba. Akakigeuza. Akagonga ukucha kwa ukucha wake: ko, ko.

– Hii ni kwato ya mbuzi, akasema.

– Ni yangu.

– Ilikuwa yako.

9 novembre

Mimi ndiye mugonjwa sasa. Ukucha wangu ni mupana na mugumu, lakini ncha yake imeliwa na nyundo na meno yangu. Amenikataza nyundo. Amenikataza kuuma kucha, hata kwenye misa. Amesugua ncha, upande mumoja, akanipaka mafuta.

– Ninanuka kama samaki wa kukaanga, nikasema.

– Bora samaki kuliko kabati.

Ameniapisha. Mukono wa mwanaume ukijulikana katika kikapu cha bibi-arusi, watu watasema ni kapu la vitunguu. Nisimuambie mutu, hata Nyiramahirwe, zaidi sana Kakule. Nimeapa. Mimi, kunyamaza! Afadhali angeniomba kuhamisha volkano.

12 novembre

Uzi wangu wa kwanza. Athanasie ameuinua kwenye mwangaza:

– Huu ni wa kufunga ng'ombe.

15 novembre

Wa kufunga mbuzi.

19 novembre

Wa kufunga kuku. Nimeona mudomo wake umejificha kucheka.

24 novembre

Ukucha unaingia ndani ya ngozi ya mufunjo pale pale, hausukumi, unasikiliza tu. Ukisukuma uzi unakatika. Hili Athanasie amelisema mara nyingi. Leo kidole kimelisikia. Nyuzi ishirini hivi, nyembamba. Amezipitisha kati ya midomo yake, moja moja, akaziweka pamoja na zake za zamani. Hakusema "vizuri". Aliziweka tu pamoja na zake. Nimetoka nje kutazama mvua bila sababu.

26 novembre

Kakule anataka kujua juu ya nini sipigi tena nyundo. Nimemwambia mukono ni mugonjwa. Masikini, ameniletea vitunguu vya supu na chupa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakaa mulangoni kunipa pole. Athanasie alikalia mafunjo yote, akafunika na kitenge chake, akamupokea bila kusimama.

– Mama, uko mugonjwa na weye?

– Magoti, akasema.

Nyumba yetu imekuwa hospitali ya uongo.

1 décembre

Nimevunja ukucha. Kizibo cha chupa ya Kakule. Nilisahau, nikasukuma kwa kidole gumba. Kipande kimeruka, sikukipata.

Nimekaa na chupa ile bila kuikunywa, na ni jambo ambalo halijapata kutokea. Kitako cha kikapu na mbavu zake vilikuwa vimekwisha. Kifuniko hakijaanza, na kifuniko ndicho kinashikwa na wakwe kwanza. Nimeingia, nimemuonyesha. Nilingoja yale macho ya septembre.

Alitazama. Akaleta mafuta, akaleta papie, akakalia kigoda.

– Leta. Wangu unataka nusu ya mwaka, wako umevunjika ncha tu. Tutangoja.

– Na harusi?

– Harusi pia itangoja kwenye tarehe yake. Usikaze kidole.

Akasugua pole pole, upande mumoja, kama anapangusa uso wa mutoto mwenye kulala.

14 décembre

Tumeanza kifuniko. Yeye kucha zake tisa zinashika sindano bila shida. Mimi ninapasua. Hatusemi sana. Mvua inasema.

25 décembre

Noeli. Tumekula kuku. Nimekataa kuvunja mufupa kwa mukono, juu ya ukucha. Nyiramahirwe amesema nimekuwa bibi-arusi.

30 décembre

Mvua inapungua, nyuzi zinakauka mbio, zinakatika. Ninazifunga katika kitambaa kilicholowa. Leo moja imetoka nene, na hatukuiona mpaka ilikuwa imekwisha kushonwa ndani ya muzunguko wa tatu. Nimesema: fumua. Athanasie amesema hakuna wakati. Nimesema: basi watajua. Amekata uzi kwa meno, akaendelea.

6 janvier 1957

Kikapu kimekwisha. Kimesimama katikati ya nyumba, tunakizunguka kama mugeni mukubwa. Mbuzi amefungwa nje, asikile.

13 janvier

Tumerudi toka Kalengera, kiuno kimevunjika, lakini nitaandika yote.

Donatille alibeba kikapu mbele ya watu, amejaza mtama, kifuniko juu. Alikuwa anatembea vile anatembea mutu anayejua ametoka kwa nani. Mukakalisa, tate wa muvulana, mama mufupi mwenye macho kama sindano, akakiomba. Watu wakasogea karibu. Akafunga macho, akaweka kidole juu ya kifuniko, akaanza kukizungusha. Muzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu: kidole kikasimama.

Mimi moyo wangu ulisimama pamoja nacho.

– Mama, akauliza, hapa mukono wako ulipatwa na nini?

Nilifungua kinywa. Athanasie hakunitazama hata kidogo.

– Hapo nilizeeka, akasema. Pengine pote ningali musichana.

Mukakalisa alifungua macho, akacheka kicheko cha meno mawili, akamukumbatia. Wakakaa pamoja siku nzima kama dada. Alionyesha wageni wote zile nyuzi. "Tazameni, unywele! Mukono wa mutu mumoja!" Watu wakaja kumupa Athanasie mukono, na yeye akawapa, kucha zake tisa zinang'aa bila verni, ule wa kumi umefika nusu ya njia.

Kakule alikuwa amekuja na gari lake la vitunguu, akiwa ametuleta. Akaniinamia na harufu yake ya pombe:

– Muzee Ndaya, ona haya kidogo. Miezi hii yote umekaa na mukono wako mugonjwa, unapakwa mafuta kama mufalme, na huyu mama peke yake anafanya kazi yote.

Sikujibu. Nimeandika tena juu hamutaamini: sikujibu. Niliweka kidole gumba ndani ya mufuko, nikauma ulimi mpaka wali ukakosa ladha.

Athanasie, Donatille akija kututembelea atakusomea haya, na nimeyaandika kwa herufi kubwa ili asiruke. Ile lawama ya muzunguko wa tatu uliichukua weye mbele ya watu wote, nami nitakupaka mafuta mpaka ukucha ule ufike mwisho, na baadaye pia. Lakini kiapo nilikishika, na unajua namna kilinichoma. Basi kuna kitu kimoja kidogo unanipa haki yake. Siku Kakule atapita, umuite, umukalishe, umwambie mara moja tu, na mimi nikiwa hapo kando ninafanya kama sisikii: nyuzi za kifuniko ni za Ndayambaje. Hata ile nene. Umwambie ile nene kwanza.